Gari ya mnada Unguja na Pemba: anza na chesi, mkono uunyanyue baadaye

Injini ya Toyota IST unaweza kuipata mtumba, ile mbovu ikashushwa na nyengine ikapandishwa kwa siku mbili. Giaboksi hali kadhalika. Chesi, yaani mifupa ya chini ya gari, ikiliwa na kutu haina duka. Ndiyo maana anayezijua gari za mnada visiwani huanza ukaguzi chini, amelala chali juu ya gunia na tochi mkononi, na boneti huifungua mwisho. Wengi hufanya kinyume chake. Husikiliza injini, wakiiona inanguruma vizuri roho zinatulia, na miezi mitatu baadaye fundi anawaonesha tundu la kuingia ngumi karibu na ekseli ya nyuma.

Mnada hauna marejesho. Tangazo litaandika kuwa gari zinauzwa "kama zilivyo na pahala zilipo", na maneno hayo si mapambo: nyundo ikigonga, kasoro zote ni zako, ulizoziona na usizoziona. Kazi yote kwa hiyo ni ya kabla ya siku yenyewe.

Kwanza jua nani anauza, na kwa nini

Gari za Serikali, zile za namba za SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar), na za mashirika ya umma huuzwa kwa kuchakaa au kwa kuwa matengenezo yamezidi thamani. Uzuri wake ni kwamba nyingi zilikuwa zikifanyiwa matengenezo kwa ratiba, na pengine jalada lake lipo ukiliomba. Ubaya wake ni yadi. Gari imekaa chini ya mwembe mwaka au miwili, na katika muda huo nyengine yenye hitilafu kama zake imeshaazima starta, oltaneta, hata kompyuta ya injini. Hesabu vitu, usikisie.

Gari ya benki au ya kampuni ya mikopo ina sura nzuri zaidi, lakini ina siri yake: mdaiwa anayejua gari itachukuliwa habadilishi oili. Bodi itang'aa na injini itakuwa imekaangwa. Hapa ndipo kijiti cha oili kinaposema kuliko rangi.

Gari ya amri ya mahakama, inayonadiwa na dalali wa mahakama, usiiangalie kabla ya kuiona amri yenyewe. Soma majina ya wahusika, namba ya kesi, na kama kuna ombi la kuzuia mauzo ambalo halijasikilizwa. Unaweza kushinda mnada ukalipa, kisha gari ikabaki imefungwa pale pale mpaka wenyewe wamalize mvutano wao.

Mwisho ni gari za forodha, zile ambazo wenyewe hawakuzikomboa bandarini. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu mzigo uliopitisha muda wake kutangazwa na kunadiwa. Mara nyingi hizi ndizo zenye maisha marefu mbele yake, maana zimetoka melini na hazijapigwa na barabara zetu. Lakini zimekaa zikipulizwa na upepo wa bahari, nyingi hazina ufunguo, na betri zimekufa siku nyingi. Uliza kwa maandishi: bei ya mnada imejumuisha ushuru wote, au kuna kingine cha kulipa?

Swali hilo la ushuru lina mlango wa nyuma ambao wengi hawaujui. Gari iliyoingizwa kwa msamaha wa kodi, iwe ya mradi, ya ubalozi au ya mwekezaji, msamaha ule ni wa mtu na si wa gari. Ikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, ushuru unaweza kudaiwa. Gari ya hoteli iliyofungwa ikinadiwa kwa bei ya kuchekesha, uliza kwanza iliingiaje nchini.

Tangazo lisome kama mkataba

Matangazo hutoka kwenye gazeti la Zanzibar Leo, redioni, kwenye mbao za ofisi, na siku hizi picha yake hupita kwenye makundi ya simu. Hiyo picha ya simu ichukue kama fununu tu. Nenda ofisi inayouza, uone karatasi yenye muhuri, kwa sababu matapeli nao wana simu, na hupenda kudai "amana ya kushikilia gari" itumwe kwa namba ya mtu.

Ukilipata tangazo lenyewe, tafuta siku na saa za ukaguzi, amana ya kushiriki na utaratibu wa kurejeshwa kwake, kiasi cha kulipa papo hapo, siku za kumalizia, na gharama za yadi kwa atakayechelewa kuondoa gari. Utaratibu uliozoeleka Tanzania ni robo ya bei, yaani asilimia 25, nyundo inapogonga, na iliyobaki ndani ya siku 14. Ukishindwa kumalizia, ile robo kwa kawaida hupotea. Lakini kila mnada una masharti yake, na linalokubana wewe ni lile lililoandikwa kwenye karatasi ya siku hiyo.

Angalia pia kama bei ni pamoja na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, au bila. Zanzibar VAT ni asilimia 15, na neno hilo moja linaweza kukutoa kwenye hesabu, kama tutakavyoona.

Siku ya ukaguzi

Nenda asubuhi, na nenda na fundi hata kama wewe mwenyewe unajua gari. Macho ya mnunuzi hupenda. Ya fundi hayapendi chochote. Beba tochi, gunia la kulalia, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba, bisibisi bapa, nyundo ndogo, kitambaa cheupe, soketi ya 17 na ya 19 na mkono wake, betri nzima ya volti 12 yenye waya za kuwashia, na simu ya kupiga picha. Waulize wenye yadi wanaruhusu nini. Wengine hukubali uiwashe gari, wengine hawakubali hata boneti kufunguliwa, na gari usiyoruhusiwa kuifungua ina bei yake tofauti.

Lala chini. Kwenye gari za fremu, yaani zenye chesi ya peke yake chini ya bodi, kama Hilux, Land Cruiser na Escudo, fuata fremu kutoka mbele hadi nyuma ukiigonga kwa nyundo taratibu. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, kama kugonga dafu. Penye shaka sukuma bisibisi: ikizama, fremu imekwisha. Kaa zaidi juu ya ekseli ya nyuma, mahala fremu inapopinda, na kwenye vikombe vya springi, kwa sababu mchanga wenye chumvi hujikusanya humo na hautoki kwa kuoshwa juu juu. Ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mbichi inayong'aa, usifurahi. Hakuna anayepamba chini ya gari anayoiuza mnadani bila sababu. Kwangua kidogo uone inaficha nini.

Kwenye gari ndogo zisizo na fremu, Vitz, IST, Passo, angalia vizingiti chini ya milango, sakafu, na kisima cha tairi ya spea. Nyanyua zulia la buti. Ukikuta mchanga mweupe, gari hiyo imeishi Nungwi, Paje au Kiwengwa, na pengine ilikuwa ikikodishwa kwa wageni walioipeleka mpaka ufukweni. Pikapu zina hadithi yake: iliyobeba mwani mbichi au samaki imenyweshwa maji ya bahari kutoka kwenye karai lake miaka yote, yakidondoka juu ya fremu na mabomba ya breki. Iliyobeba karafuu inanukia, na kutu haina. Nusa karai, si mzaha.

Mabomba ya breki ni membamba na ndiyo hufa mwanzo. Yafuate kwa kidole kutoka mbele mpaka nyuma. Yakiwa na magamba ya kutu, hesabu kuyabadili yote, usihesabu kiraka. Kisha ingia ndani, kanyaga breki kwa nguvu, uhesabu mpaka 30. Pedali ikizama polepole, mafuta yanapita mahali, ama bombani ama kwenye silinda kuu.

Bodi ipitishie sumaku. Inaposhika kwa ulegevu au isiposhika kabisa pana puti ya kuzibia, na chini ya puti pana ajali au kutu. Kwenye bampa usijaribu, ni plastiki. Linganisha nafasi kati ya boneti na mashavu ya mbele, kushoto na kulia. Zikitofautiana, pua ya gari imeshawahi kuguswa.

Gari iliyozama mvua za masika huoshwa vizuri sana ndani, kwa hiyo usidanganywe na harufu ya sabuni. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake uone kama una mstari wa tope. Chungulia reli za viti na bolti zake. Kutu juu ya reli, ndani ya gari iliyofungwa vioo, haikuletwa na upepo.

Sasa fungua boneti. Chomoa kijiti cha oili, kifute kwenye kitambaa cheupe. Nyeusi si neno, ni oili iliyofanya kazi. Nyeupe kama maziwa ni maji yaliyoingia: gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe. Nzito kama lami, iliyoganda kwenye kifuniko cha oili, ni injini iliyosahauliwa muda mrefu. Angalia na maji ya rejeta. Wengi visiwani hujazia maji ya kisima, na maji hayo yana chokaa ile ile unayoiona imeganda ndani ya birika la chai. Chokaa hiyo huziba rejeta na kula pampu ya maji. Ukikuta maji ya rangi ya kutu na ganda jeupe shingoni mwa rejeta, hesabu rejeta.

Kama injini haiwaki na hairuhusiwi kuwashwa, omba angalau kuizungusha kwa mkono. Weka soketi kwenye bolti ya puli ya kranki, 19 kwa Toyota nyingi ndogo, na zungusha kufuata saa. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, haijaganda. Hilo halikwambii kuwa ni nzima, linakwambia tu kuwa haijafa. Ikiwa wamekuruhusu kuiwasha, iwashe ikiwa baridi. Ukikuta imeshapashwa moto kabla hujafika, jiulize walikuwa wanaficha nini. Moshi wa buluu ni oili, mweupe usiokwisha ni maji, mweusi ni mafuta mengi. Moshi mweupe kidogo asubuhi unaoisha ndani ya dakika moja si tatizo.

Kabla ya hapo, geuza ufunguo bila kuwasha. Taa ya injini, ya ABS na ya mfuko wa hewa zote ziwake. Ya ABS na ya mfuko wa hewa zizime zenyewe baada ya sekunde chache, na ya injini izime injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa huenda balbu yake imechomolewa, na anayechomoa balbu hufanya hivyo kwa sababu taa ilikuwa haizimiki.

Aina ya injini nayo ina neno lake. IST ya kizazi cha kwanza, NCP60 yenye cc 1300 na NCP61 yenye cc 1500, hutumia cheni ya taimingi, si mkanda, na spea zake zimejaa kila kona. RAV4 ya ZCA26 yenye injini ya 1ZZ-FE inajulikana kwa kunywa oili. Ukiikuta kijiti kikavu, usishangae, punguza bei. Noah ya zamani yenye 3S-FE na Escudo ya G16A, ile ya cc 1600, zina mkanda wa taimingi. Kwa kuwa hutajua ulibadilishwa lini, utabadili wewe, pamoja na pampu ya maji maana fundi ameshafika hapo. Prado na Surf za dizeli za 1KZ-TE zinasifika kwa nguvu, na zinasifika vile vile kwa hedi kupasuka zikichemka. Gari ya 1KZ yenye rejeta iliyojaa kutu iachie wengine.

Tairi zina namba nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata (meno) nzuri juu ya tairi ya miaka kumi ni pambo tu, jua limeshaikausha. Kilomita kwenye dashibodi zisome, lakini amini zaidi mpira wa pedali na ngozi ya usukani. Pedali iliyokwisha upande mmoja na kilomita 60,000 haviendi pamoja.

Mwisho piga picha kila upande, chini ya boneti, dashibodi, spea, jeki na redio. Picha hizo zitakusaidia siku ya kuchukua gari, ukikuta betri imegeuka na jeki imeondoka.

Namba ya chesi na makaratasi

Kwenye Toyota ndogo nyingi za Japani namba ya chesi imegongwa kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini. Hilux na Land Cruiser wanaigonga kwenye fremu, karibu na gurudumu la mbele la kulia. Isome wewe mwenyewe, herufi kwa herufi, uilinganishe na tangazo na kadi ya gari. Penye dalili ya tupa au kuchomelewa, ondoka. Hapo tatizo si la fundi, ni la polisi.

Ichukue namba hiyo uulizie Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ambako usajili na leseni za njia hushughulikiwa: gari imesajiliwa kwa jina la nani, ina deni la leseni la miaka mingapi, kuna benki iliyoiwekea alama ya mkopo? Uliza na trafiki kama haina faini au zuio. Waulize wauzaji nani atalipa deni hilo. Jibu wakikupa kwa mdomo, waombe waliandike.

Gari ya SMZ haitoki na namba zake. Utaisajili upya kwa namba za Z za kawaida, kwa hiyo barua ya muuzaji ya kuiondoa kwenye orodha ya mali zake lazima iwemo kwenye makaratasi utakayopewa. Ikiwa nia ni kuivusha kwenda Dar es Salaam, nenda TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, uulize kuhusu ushuru wa kuingiza gari bara kabla ya mnada. Gari ya rahisi Malindi, bandarini Unguja, inaweza isiwe rahisi tena ikishuka upande wa pili.

Hesabu

Andika bei yako ya mwisho ukiwa nyumbani, usiku, si pale uwanjani. Mfano huu ni wa kuonesha njia tu. Bei zako zichukue kwa fundi na kwenye maduka ya spea wiki hiyo hiyo.

Tuseme Escudo ya milango miwili, nzima na yenye makaratasi, mtaani inauzwa shilingi 10,000,000. Hii ya mnada inataka tairi nne kwa 480,000, betri 180,000, breki zote na mabomba 250,000, oili, filta na mikanda 220,000, shokapu na bushi 400,000, kuziba kutu na rangi 600,000, usajili, leseni na bima 400,000, na kuivuta 70,000. Jumla 2,600,000. Injini hukuruhusiwa kuiwasha, kwa hiyo weka akiba ya asilimia 15 ya bei ya mtaani, yaani 1,500,000. Hatari na usumbufu wako upe asilimia 10, yaani 1,000,000. Kwani kama gari ya mnada itakugharimu sawa na ya mtaani, si bora ununue ya mtaani uliyoiendesha? Inabaki 4,900,000.

Sasa lile neno la VAT. Ikiwa bei ya nyundo haijajumuisha VAT, usitoe asilimia 15 kwenye 4,900,000. Gawa kwa 1.15, utapata kama 4,260,000. Hapo ndipo unaposimama, na robo ya papo hapo itakuwa 1,065,000. Anayesahau kugawa hugundua ofisini, akiwa na risiti mkononi, kwamba anadaiwa laki saba na zaidi ambazo hakuzipanga.

Uwanjani

Aliyezoea mnada wa samaki sokoni ana sikio la dalali tayari, lakini asidhani mchezo ni ule ule. Samaki unamfunua mashavu ukajua kalala au hakulala. Gari wakati wa mnada haifunuliwi kitu.

Fika mapema, jiandikishe, weka amana, chukua namba yako. Pita tena kwenye gari yako dakika tano uhakikishe ni ile uliyoikagua na haijapungua kitu. Simama pembeni, pahala unapowaona watu na dalali anakuona. Kuanza kutaja bei hakuna faida, mwache mwengine afungue. Ukiingia, panda kwa hatua anazozitaja dalali, sauti ya kawaida, bila kusita. Anayesita na kuhesabu vidole huwaambia wenzake kuwa kafika mwisho.

Wapo madalali wa gari wanaokuja kwa kundi, wakakubaliana wasipandishiane, kisha wagawane baadaye. Hao hawakuumizi, wakikuona mgeni watakupandisha kidogo kukupima, ukifika kwenye namba yako nyamaza. Anayekuumiza ni yule anayepandisha bei bila nia ya kununua, ili muuzaji afaidike. Mashekhe huita najshi, na imekatazwa. Huwezi kumthibitisha mtu wa najshi uwanjani. Dawa yake ni ile karatasi ya jana usiku: 4,260,000, na 4,300,000 si yako.

Gari ikiwa na bei ya chini iliyowekwa na muuzaji na watu wasiifikie, huondolewa. Usiondoke nayo moyoni tu. Acha namba yako ya simu kwa ofisi, mara nyengine hurejeshwa mnada unaofuata kwa bei pungufu.

Zabuni ya bahasha ni mchezo mwengine. Huoni wengine, kwa hiyo andika namba yako ya kweli mara moja. Epuka namba za duara: watu wengi huandika 4,000,000, wachache 4,035,000, na zikilingana ndipo matatizo yanapoanza. Sahihi, nakala ya kitambulisho na risiti ya amana visikosekane, maana bahasha hutupwa kwa kukosa karatasi moja.

Nyundo ikigonga

Lipa kwa benki au kwa kontroli namba ya taasisi, usimkabidhi mtu fedha mkononi hata awe dalali aliyekuuzia. Chukua risiti yenye jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya chesi, na bei. Ukimaliza iliyobaki, dai hati ya mauzo, kadi ya gari au barua inayoeleza kwa nini haipo, na ruhusa ya kutoa gari. Bila ya hizo usajili hautakwenda.

Iondoe haraka. Gari iliyouzwa haina mwenyewe yadini, na kila usiku inapungua. Gari ya otomatiki yenye kuvutwa na magurudumu ya mbele iinuliwe mbele. Ukiiburuza magurudumu ya mbele yakiwa chini, giaboksi inakatika bila oili. RAV4 inayovutwa na magurudumu yote manne ipande juu ya lori moja kwa moja. Usiiendeshe mpaka iwe na usajili, bima na ukaguzi. Faini ya siku ya kwanza ni hasara ya kijinga.

Usiiwashe kwa pupa gari iliyolala. Mwaga petroli ya zamani. Iliyooza hunuka kama vanishi na itaziba nozeli. Badilisha oili na filta, IST huchukua kama lita 3.7. Chomoa plagi, tia kijiko kidogo cha oili katika kila silinda, chomoa soketi za koili na nozeli, kisha zungusha kwa starta sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izime. Rudisha kila kitu, washa, na usikanyage mafuta. Mafuta ya breki yabadili yote, lita moja inatosha gari ndogo. Baada ya kilomita 500 mwaga tena oili ile, itakuwa imeosha uchafu wa ndani.

Kama inakwenda Pemba

Meli hutaka gari inayowaka na inayoshika breki. Isiyowaka italazimika kusukumwa kuingia na kutoka, na wasukumaji wana bei yao pande zote mbili. Kwa hiyo itengeneze Unguja, ambako spea ni nyingi, kabla ya kuipakia Malindi.

Unguja ni tambarare, na gari inaweza kukaa miaka bila rejeta yake kujulikana kuwa imeziba nusu. Pemba vilima havina huruma. Ukishuka Mkoani, barabara inapanda tangu bandarini, kwa hiyo usianze safari ya Chake Chake na mzigo. Panda kwanza bila mzigo, mpaka juu ya mji, macho kwenye mshale wa joto. Ukipita nusu, simama pembeni, zima kiyoyozi, acha injini ipoe nusu saa, na kifuniko cha rejeta usikiguse kabla ya hapo.